Jinsi ya kujiandaa na postidoki ya bioloji ya kompyuta upande wa nishati mimea ukiwa Mtwara au Lindi, na laptopu yako ya kawaida

Haya maswali ya postidoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, yanajirudia kila mara ndo maana nimeona niandike moja kwa moja hapa. "Namalizia PhD ya bioloji, niko Mtwara, maabara ya maana sina, postidoki ya nishati mimea naweza kuipata?" "Mi nimesoma IT, bioloji niliiachia form four, naweza kuingia?" "Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, itabeba?" Jibu la yote matatu ni ndiyo, ila huyu wa IT ajue postidoki ni mpaka PhD iwe mkononi, kazi yenyewe anaweza kuianza leo.

Kinachowakwamisha wengi sio laptopu wala maabara. Wanaandika barua kwa profesa kule nje, barua nzuri kabisa, lakini ndani hamna kitu, ni "napenda sana utafiti wenu na mimi ni mchapakazi". Profesa anapata barua kama hizo kila wiki. Ukimtumia kazi ndogo uliyoifanya mwenyewe, anaifungua inafanya kazi, na inahusu malighafi ambayo yeye hajawahi kuishika lakini kwenu imezagaa chini ya miti, huyo lazima akusome mpaka mwisho. Kwa hiyo mwongozo huu unakupeleka mpaka hapo: hamira ya kwenye kompyuta, unailisha sukari ya mabibo (yale matunda ya mkorosho), inakupa etanoli, afu unaandika barua.

Kwa nini mabibo? Ukiwa Newala, Tandahimba, Masasi, au ukavuka Lindi kule Nachingwea na Ruangwa, huna haja ya kuelezwa. Msimu ukifika korosho inatolewa inaenda ghala la chama, bibo linabaki shambani. Kidogo kinaliwa, kingine kinakamuliwa pombe ya uraka, mengine mengi yanaoza pale pale. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi na sehemu kubwa ilitoka mikoa hii, na bibo linaizidi korosho yake uzito mara kadhaa, piga hesabu mwenyewe ni mzigo gani. Sababu nyingine ni hii: Kilwa tuliona miaka ile ya mibono, ardhi kubwa ya vijiji ikachukuliwa kwa ajili ya mafuta ya mimea, mradi ukafa, wananchi wakabaki wanahangaika na ardhi yao. Nishati inayotokana na kinachotupwa haimnyang'anyi mtu shamba. Mimi naona hilo ndo swali la msingi kwa mtafiti anayetoka huku, na ukiliandika kwenye barua yako liandike kwa uzito wake.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Laptopu yoyote inayowaka vizuri, RAM GB 4 inatosha kwa kazi hii, 8 ni raha zaidi. Huhitaji kadi ya picha ya bei mbaya.
- Python 3. Kama laptopu ni nzito sana tumia Google Colab, inafanyia kazi kwenye seva zao, wewe unahitaji brauza na bando tu.
- Bando la kushusha programu na modeli mara moja. Ukishashusha unaweza kuendelea bila intaneti, na kwa jinsi umeme na mtandao unavyoyumba ukishika vijijini hili ni la muhimu.
- Bioloji ya kiwango hiki: jeni inatengeneza kimeng'enya, kimeng'enya kinaendesha riaksheni, riaksheni zikiungana zinageuza sukari kuwa etanoli. Basi, mengine utayaokota njiani.
- Daftari la karatasi. Kila namba unayoiona iandike na tarehe yake.

Tahadhari moja kabla ya yote. Kazi hii ni ya kompyuta, usianze kutonesha pombe nyumbani eti unathibitisha matokeo. Gongo ina kesi yake na mvuke wa etanoli unashika moto haraka sana. Ikifika hatua ya vitendo, inafanyika maabara yenye kibali.

Hatua zenyewe

1. Andika swali dogo. Usiandike "nataka kutatua tatizo la nishati Afrika". Andika hivi: juisi ya bibo ina glukosi na fruktosi, hamira ikipewa hizo bila oksijeni inatoa etanoli kiasi gani, na makapi yanayobaki baada ya kukamua yakivunjwa tukapata zailosi (sukari nyingine), tunaongeza kiasi gani? Swali la hivyo linajibika ndani ya wiki chache na bado lina kina cha kutosha.

2. Weka programu. Fungua tamino yako (terminal, dirisha la kuandikia amri) andika:

`pip install cobra`

Kwenye Colab weka alama ya mshangao mbele: `!pip install cobra`. COBRApy ni maktaba ya Python ya kufanya hesabu za metaboli ya seli nzima, yaani riaksheni zake zote kwa pamoja, ni ya bure, watafiti wakubwa wanatumia hiyo hiyo. Kikokotoo chake cha GLPK kinakuja nayo hivyo usihangaike kutafuta leseni ya kingine.

3. Shusha hamira. Hamira tunayoizungumzia ni Saccharomyces cerevisiae, ile ile ya maandazi. Jenomu yake yote ilikamilika kusomwa 1996, ina jeni kama 6,000 hivi. Modeli tunayoanza nayo, yaani hamira iliyoandikwa kama orodha ya jeni na riaksheni zake, inaitwa iMM904, ina jeni 905 na riaksheni 1,577, iko kwenye hazina ya BiGG ya Chuo Kikuu cha California, San Diego.

```
from cobra.io import load_model, save_json_model
model = load_model("iMM904")
save_json_model(model, "hamira.json")
print(model.optimize().objective_value)
```

Inatakiwa ikupe kama 0.288. Hiyo ni kasi ya kukua kwa saa, na inatoka hivyo kwa sababu modeli inakuja ikiwa imefungwa kwenye glukosi 10 na oksijeni 2. Ukipata namba tofauti kabisa usiendelee mbele, rudi uangalie umeshusha modeli ipi. Ule mstari wa kuhifadhi usiuruke, ndo unaokuwezesha kufanya kazi siku hamna mtandao.

4. Ijue milango ya seli. Riaksheni zote zinazoanza na EX_ ni milango ya kuingilia na kutokea. Kinachoingia kina alama ya kutoa, kinachotoka ni chanya. Kwa hiyo glukosi -10 maana yake seli inaruhusiwa kula mpaka milimoli 10 kwa kila gramu ya seli kavu kwa saa. Hapa ndo wanapoanguka wengi wa mwanzo, mtu anaandika 10 bila ile alama, modeli inakataa au inakosa chakula, anadhani programu ni mbovu. Milango ya kukariri ni EX_glc__D_e ya glukosi, EX_fru_e ya fruktosi, EX_o2_e ya oksijeni, EX_etoh_e ya etanoli. Angalia vizuri kwenye glukosi kuna mistari miwili ya chini kabla ya D, sio mmoja.

5. Badilisha chakula kiwe cha bibo.

```
model.reactions.EX_glc__D_e.lower_bound = -5
model.reactions.EX_fru_e.lower_bound = -5
```

Nusu kwa nusu ni pa kuanzia tu. Utaona ukuaji haubadiliki kwa maana yoyote, na ni sahihi, sukari hizi mbili zinaingia kwenye njia ile ile karibu mwanzoni kabisa. Uwiano halisi wa sukari unategemea aina ya mkorosho na umeiva kiasi gani, na kwa hili wewe una bahati ambayo mtu wa Ulaya hana, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko hapo hapo Mtwara na korosho ndo kazi yao ya miaka mingi. Nenda kwa adabu, na barua ya utambulisho ya chuo chako, uliza wana vipimo gani vya sukari ya mabibo. Namba moja ya kwenu yenye chanzo inabeba uzito kuliko kumi za kuokoteza.

6. Funga oksijeni. Kwenye pipa la kuchachusha hewa haiingii, kwa hiyo weka EX_o2_e iwe 0. Sasa endesha tena. Ukuaji unakuwa 0! Hapa watu wengi wanakata tamaa, na hapa ndo bioloji yenyewe ilipo tamu. Hamira inahitaji oksijeni kidogo ili itengeneze ergosteroli na mafuta yale yasiyoshiba kwa ajili ya ngozi ya seli, hii inajulikana toka miaka ya 1950. Bila hewa lazima uipe hivyo vitu kwenye chakula. Fungua milango hii kidogo tu, -0.1 inatosha:

```
for x in ["ergst","zymst","hdcea","ocdca","ocdcea","ocdcya"]:
    model.reactions.get_by_id("EX_"+x+"_e").lower_bound = -0.1
```

Ukiendesha tena inaanza kukua na etanoli inatoka nyingi. Ukilieleza hili kwenye ripoti yako kwa sentensi tatu, msomaji anajua umeelewa na hujakopi tu.

Kosa la pili la hapa hapa ni kinyume chake, mtu anaiacha oksijeni wazi kabisa, -1000, modeli inampa etanoli sifuri. Hesabu hii inatafuta ukuaji mkubwa kuliko wote, na hewa ikiwepo kuchoma sukari mpaka mwisho kunalipa zaidi. Lakini hamira halisi ikipata sukari nyingi inatoa etanoli hata hewa ikiwepo. Modeli hailijui hilo, wewe ulijue.

7. Pima kikomo. Badilisha lengo: `model.objective = "EX_etoh_e"`. Kemia inasema glukosi moja inatoa etanoli mbili na kaboni dayoksaidi mbili, kwa hiyo ukiwa umelisha sukari 10, etanoli haiwezi kuzidi 20. Ikizidi kuna mlango wa kaboni umeuacha wazi mahali, utafute kabla hujamwonyesha mtu.

Sasa igeuze iwe kitu cha kushikika. Gramu moja ya sukari inatoa etanoli gramu 0.51 kwa juu kabisa. Juisi yenye gramu 100 za sukari kwa lita inakupa gramu 51, ambayo ni kama mililita 65. Yaani lita nzima ya juisi, mililita 65 za mafuta, tena ni kwa hesabu kamilifu, kiwandani inapungua. Iliyobaki ni maji ya kuondoa kwa joto, na joto hilo lina gharama. Namba hii iweke wazi usiifiche, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kwa nini tunayatazama na makapi.

Halafu kumbuka ukiwa umeweka lengo ni etanoli, ukuaji unashuka mpaka 0, seli inayotoa tu bila kukua. Weka kiwango cha chini cha ukuaji, mfano nusu ya ule wa hatua ya 6, kisha pima tena.

8. Ongeza zailosi ya makapi. Makapi ya bibo yana selulosi na hemiselulosi, na hemiselulosi ikivunjwa inatoa zailosi. Hamira ya kawaida haiwezi kuichachusha vizuri, njia yake ya asili inatumia vibeba elektroni vya aina tofauti mwanzo na mwisho mpaka mizani inavurugika. Watafiti wa Delft kule Uholanzi walilitatua kwa kuchukua jeni ya kuvu anayeitwa Piromyces, anaishi tumboni mwa wanyama wanaokula majani, kimeng'enya chake kinageuza zailosi moja kwa moja kuwa zailulosi. Kwenye modeli ni mistari mitatu:

```
from cobra import Reaction
r = Reaction("XYLI1"); model.add_reactions([r])
r.build_reaction_from_string("xyl__D_c <=> xylu__D_c")
```

Funga glukosi na fruktosi, fungua EX_xyl__D_e iwe -10, toa kile kiwango cha ukuaji ulichoweka hatua ya 7, tafuta etanoli ya juu kabisa bila hewa. Kikomo cha kemia ni 16.7 hivi, maana zailosi tatu zinatoa etanoli tano. Linganisha kabla na baada ya kuongeza riaksheni, chora grafu moja. Grafu hiyo ndo moyo wa kazi yako.

9. Ua jeni, ila kwa akili. Wengi wanapenda hatua hii kwa sababu inaonekana ya kisasa. Hamira bila hewa inapoteza sukari kidogo kutengeneza gliseroli, kwa hiyo wazo la haraka ni kuua jeni za GPD1 na GPD2, ambazo kwenye modeli ni YDL022W na YOL059W:

```
with model:
    model.genes.YDL022W.knock_out()
    model.genes.YOL059W.knock_out()
    print(model.optimize().objective_value)
```

Kabla ya kuendesha hakikisha umerudisha chakula cha hatua ya 5 na lengo la ukuaji, `model.objective = "BIOMASS_SC5_notrace"`, ukiacha lengo la etanoli ile namba haitakuambia kama seli inaishi. Neno `with` linahakikisha ukitoka hapo modeli inarudi kama ilivyokuwa, usiposema hivyo utabaki na hamira iliyokatwa jeni na hujui. Na jambo la kuzingatia sana: maabara ilishaonyesha kwamba hamira iliyokosa jeni zote mbili haikui bila oksijeni, kwa sababu gliseroli ndiyo njia yake ya kutua mzigo wa elektroni. Matokeo yoyote ya kuua jeni yaliyokuja mazuri kupita kiasi, tafuta kwanza kama kuna mtu ameshayajaribu kwenye seli hai.

10. Funga kazi, andika barua. Ripoti kurasa mbili au tatu, grafu mbili, faili zote weka GitHub, mtandao wa kuhifadhi kodi. Andika wazi modeli isichokijua. Kwa mabibo cha kwanza ni tanini, ule ukali unaokereketa koo ukila bibo bichi, unaisumbua hamira lakini kwenye hesabu haupo.

Baada ya hapo tafuta kikundi kinachofanana na swali lako. Mifano ya kuanzia: Joint BioEnergy Institute kule California, Chalmers ya Sweden wanaotunza modeli kubwa zaidi ya hamira, Delft niliowataja, na usiisahau Brazil, ndiko mkorosho ulikotoka na walianza mpango wao wa etanoli ya magari 1975. Embrapa, shirika lao la utafiti wa kilimo, wana kituo Fortaleza kinachoshughulika na korosho. Kwa ufadhili wa Ulaya angalia Marie Skłodowska-Curie, wanapokea watu wa taifa lolote, PhD iwe imekamilika, na usiwe umeishi nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya ile 36 ya mwisho. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno maana masharti yanabadilika. Huombi peke yako, unaomba pamoja na profesa mwenyeji, kwa hiyo barua iende miezi mingi kabla.

Barua yenyewe iwe fupi, mistari kumi inatosha. Sentensi ya kwanza ni swali lako, ya pili ni ulichokipata na namba yake, ya tatu ni kazi yao ipi inaungana na hiyo, kisha linki. Usimwite "Dear Sir" kama ni mwanamke, na usitume barua moja kwa watu thelathini, wanajuana.

Kama unafikiria kuchukua sampuli, hamira wa porini wa kwenye mabibo mfano, na kuzipeleka nje, usizibebe kwenye begi. Pitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa kibali cha utafiti na uandikishane na chuo mwenyeji nani anamiliki nini. Vijidudu vya Newala ni mali ya watu wa Newala kabla havijawa jina kwenye jarida.

Ikigoma

*Inasema infeasible.* Umeweka masharti yanayopingana, mara nyingi ukuaji wa chini mkubwa kuliko chakula ulichotoa. Punguza hicho kiwango mpaka 0, kisha panda taratibu.

*Ukuaji ni 0 na hujui kwa nini.* Andika `model.medium` uone milango iliyo wazi. Angalia naitrojeni, fosfeti na salfeti hazijafungwa kwa bahati mbaya, kisha ile ergosteroli na mafuta ya hatua ya 6.

*KeyError au AttributeError.* Jina umekosea. Karibu kila mara ni ile mistari miwili ya chini.

*Namba zinabadilika kila ukiendesha upya.* Kama ukuaji ni ule ule ila njia za ndani zinatofautiana, hamna kosa, kuna njia nyingi zenye matokeo sawa. Tumia `flux_variability_analysis` uone kila riaksheni inacheza kati ya wapi na wapi, usije ukaandika ripoti nzima juu ya njia moja iliyotokea kwa bahati. Kama hata ukuaji wenyewe unabadilika, umesahau `with` mahali, pakia hamira.json upya.

*Modeli haishuki.* Mtandao. Nenda Colab uishushe kule, hifadhi kama json, jitumie hata kwa WhatsApp, ni faili dogo.

*Profesa hajajibu.* Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja kwa mistari miwili ukiongeza tokeo jipya ulilopata katikati. Asipojibu tena nenda kwa anayefuata, na kabla hujatuma fungua ile linki kwenye simu ya mtu mwingine uhakikishe inafunguka.